Mihuri ya risasi ya makaizari wa Bizanti: namna ya kusoma sura na kumtambua mwenyewe

Muhuri wa risasi (metali laini ya kijivu, si risasi ya bunduki) wa kaizari wa Bizanti, yaani dola ya Warumi ya mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, ni kitu kidogo. Unaenea kiganjani, ukingo wake umepondeka, na hati uliyoifunga imekwisha kuoza. Hati asilia za makaizari wa Konstantinopoli zilizoandikwa kabla ya mwaka 1000 na kubaki hadi leo ni za kuhesabu, lakini mihuri yao bado inatoka ardhini Uturuki, Bulgaria na kwingineko. Kila mmoja unathibitisha kwamba kuna amri au barua iliyotoka ikulu ikafika mahali fulani, ikafunguliwa na mtu fulani. Kwa hiyo kumtambua mwenye muhuri ni kazi inayostahili subira.

Anayeanza hukimbilia jina. Lakini ukisoma "Constantine" umepata nini? Makaizari wa jina hilo wanahesabiwa hadi wa 11. Akina Leo wako sita, akina Michael tisa, na akina John wanafika wanane. Jina peke yake halikufikishi mbali. Sura iliyochongwa ndiyo inayokupeleka kwenye karne, cheo kinakupeleka kwenye kipindi ndani ya karne hiyo, kisha jina pamoja na mtawala mwenza vinakuonyesha mtu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na unaweza kuutumia hata kama huna muhuri mkononi, kwa picha za mtandaoni tu.

Hatua ya 1: Elewa jinsi muhuri ulivyopigwa

Kifaa chake kilikuwa koleo zito la chuma, buloterio, lenye meno mawili bapa yaliyochongwa maandishi na sura kinyumenyume. Kabla ya hapo risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu na kutoka kisahani chenye tundu linalopita katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Uzi uliofunga hati ulipitishwa kwenye tundu hilo, kisahani kikawekwa kati ya meno ya koleo, kisha koleo likapigwa nyundo. Risasi ni laini: ikaubana uzi, na pande zote mbili zikapata chapa kwa pigo moja.

Kwenye hilo kuna mambo mawili ya kukumbuka daima. La kwanza, kisahani mara nyingi kilikuwa kidogo kuliko chapa, au kilikaa upande, hivyo herufi za pembeni hazikutokea kabisa. Usidhani zimefutika, hazikuwahi kuwepo kwenye kipande hicho. Pia risasi iliyo juu ya tundu la uzi hubonyea, na mara nyingi mstari mzima wa maandishi au uso wa kaizari unapasuka hapo hapo.

La pili ndilo kubwa. Kwenye sarafu, chapa ya mbele ingeweza kutumika na chapa nyingi tofauti za nyuma. Kwenye muhuri, chapa mbili zimefungwa kwenye koleo moja na haziachani. Ukithibitisha kwamba upande mmoja wa muhuri wako umetoka kwenye koleo lilelile la muhuri mwingine unaojulikana, upande wa pili umejithibitisha wenyewe, hata kama kwako umechakaa usionekane kitu. Hakuna silaha kubwa kuliko hiyo katika kazi hii.

Risasi haikuwa njia pekee ya kaizari. Hati zake za heshima kubwa zilifungwa kwa muhuri wa dhahabu, na barua nyingine kwa nta. Mihuri ya dhahabu iliyobaki ni michache. Risasi ndiyo iliyobeba shughuli za kila siku, ndiyo maana imetufikia kwa wingi.

Hatua ya 2: Upige picha vizuri, usiusugue

Risasi haivumilii tindikali. Siki, ndimu, sabuni kali na brashi ngumu vinaondoa kwa dakika moja kile kilichodumu miaka 1,000. Sanduku la mbao za mwaloni au la karatasi ngumu ya kawaida nalo hutoa mvuke wa tindikali unaogeuza risasi kuwa unga mweupe. Tumia kasha la plastiki isiyo na tindikali, na unawe mikono kila ukimaliza kuushika, kwa sababu risasi ni sumu.

Kwa picha, zima taa ya juu. Weka tochi chini, karibu na usawa wa meza, mwanga upite juu ya uso wa muhuri kwa mlalo. Piga picha ya kwanza mwanga ukitoka juu kushoto, kisha zungusha tochi upige nyingine tatu au nne bila kuusogeza muhuri. Herufi iliyojificha kwenye picha moja hujitokeza kwenye nyingine. Pima kipenyo kwa milimita na uzito kwa gramu, uandike na upande ambao tundu la uzi linaelekea.

Hatua ya 3: Hakikisha kweli ni wa kaizari

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mihuri ya Bizanti iliyobaki ni makumi ya maelfu, na mingi sana ni ya maofisa, maaskofu, majenerali na watu binafsi. Ya kaizari mwenyewe ni sehemu ndogo.

Chukua herufi BACIΛ. Ukiziona kwenye risasi iliyovunjika, moyo unaruka, maana ndizo zinazoanza neno basileus, yaani kaizari. Lakini ndizo pia zinazoanza basilikos, "wa kaizari", neno lililowekwa mbele ya vyeo vya maelfu ya maofisa: protospatharios (cheo cha heshima) wa kaizari, notario (mwandishi) wa kaizari, na kadhalika. Na ndizo zinazoanza jina la mtu, Basileios. Maneno matatu, mwanzo mmoja. Kabla ya kufurahi, tazama kinachofuata. Ukiona cheo cha kazi, jimbo au wadhifa wa kijeshi, huyo ni ofisa. Maombi ya "Bwana, msaidie mtumishi wako" ni ya kawaida sana kwa maofisa, ila usiyatumie kama kipimo cha mwisho, kwa kuwa makaizari nao waliyatumia.

Kundi la pili la kutatanisha ni la makomerkiario wa karne ya 7 na ya 8, waliosimamia maghala ya serikali mikoani. Mihuri yao ina sura ya kaizari, wakati mwingine amesimama wima na taji kichwani, na bado si mihuri ya kaizari. Maandishi yanamtaja komerkiario na mkoa wake. Faida yao ni kwamba mingi ina tarehe: mwaka wa indiktio, yaani namba ya mwaka ndani ya mzunguko wa miaka 15, kila mwaka ukianza tarehe 1 Septemba.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mwaka wa Kikristo ambamo indiktio inaishia, ongeza 3, gawanya kwa 15. Baki ndilo namba ya indiktio, na baki likiwa sifuri ni 15. Kuna mihuri mashuhuri ya ofisa aitwaye George, yenye sura ya Justinian II, inayotaja mateka wa Kislavi na indiktio ya 8. Jaribu 695: ukiongeza 3 unapata 698, ukigawanya kwa 15 linabaki 8. Basi ni 694/695. Lakini jaribu na 710: unapata 713, na baki ni 8 vilevile. Justinian II alitawala mara mbili, 685 hadi 695 na 705 hadi 711, hivyo miaka yote miwili inawezekana kwa sura pekee. Kinachoamua ni George mwenyewe, anayeonekana kwenye mihuri mingine ya miaka ya 690. Ndiyo maana wataalamu wanaiweka 694/695. Kaizari alitoa mipaka, hesabu ikatoa chaguzi, ofisa akachagua.

Hatua ya 4: Sura ikupe kipindi

Sasa tufike kwenye kiini. Makaizari hawakubadilisha sura za mihuri ovyo. Kila badiliko kubwa lina sababu, na mengi tunajua yalitokea lini.

Karne ya 6, enzi za Justinian I (527–565), upande mmoja una kaizari ametazama mbele, kifua na kichwa. Upande wa pili una Ushindi, yaani ushindi uliochongwa kama mtu mwenye mabawa, amesimama akinyoosha mikono, kila mkono umeshika shada. Ni sura ya Kirumi ya zamani iliyovikwa Ukristo: pembeni kuna misalaba midogo. Ukiona mabawa na mashada mawili, uko karne ya 6.

Kisha, chini ya Maurice (582–602), Ushindi anampisha Bikira Maria. Amesimama, ameshika kifuani duara lenye sura ya Kristo mtoto, misalaba miwili pembeni. Huyu ndiye anayetawala mihuri ya karne ya 7, kwa Phocas, Heraclius na wajukuu wake. Kosa rahisi kwa muhuri uliochakaa ni kuchanganya Bikira na Ushindi, kwa sababu wote wamesimama katikati wakizungukwa na misalaba. Tazama mikono: ya Ushindi imetanuka nje, ya Bikira imekusanyika kifuani.

Leo III (717–741) ndiye wa kukaa naye zaidi. Mwanzoni mihuri yake bado ina Bikira na Mtoto. Halafu Bikira anaondoka. Mahali pake panakuja msalaba mtupu juu ya ngazi, umezungukwa na maneno "Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", na upande wa pili hakuna sura ya mtu hata moja: ni mistari ya maandishi tu, "Leo na Constantine, makaizari waaminifu wa Warumi". Sarafu mpya ya fedha ya Leo III ilipangwa hivyohivyo, msalaba upande mmoja na mistari ya maandishi upande wa pili. Huo ndio wakati wa mzozo wa sanamu takatifu, ikulu ilipozipinga, na muhuri huu unakuonyesha msimamo wa ikulu kwa risasi. Muhuri wa kaizari wenye msalaba juu ya ngazi na maandishi matupu nyuma yake upeleke kwanza karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Msalaba ukiwa na mikono miwili ya kukingama, fikiria mwanzo wa karne ya 9. Sarafu za dhahabu za Theophilos (829–842) zinao.

Mwaka 843 sanamu zilirudishwa, na Kristo akarudi kwenye sarafu na mihuri ya Michael III. Mchongaji wa sarafu zake hakubuni uso mpya: alinakili Kristo aliyewekwa kwenye dhahabu na Justinian II karibu miaka 150 nyuma. Tangu hapo mpango wa kawaida kwa muda mrefu ni Kristo upande mmoja, kaizari upande wa pili. Kristo utamjua kwa msalaba ulio ndani ya duara la nuru na kitabu cha Injili mkononi, na kwa herufi IC XC, kifupi cha "Yesu Kristo". Bikira huandikiwa MP ΘV, "Mama wa Mungu".

Mwishoni mwa karne ya 11, kwa Alexios I Komnenos (1081–1118), mpango unatulia hivi: Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi, na kaizari amesimama mzima, kutoka taji hadi miguu, akiwa na fimbo au bendera mkono mmoja na tufe lenye msalaba mkono wa pili. Akina Komnenos na Angelos waliomfuata walibaki humo. Baada ya hapo mihuri ya risasi inazidi kupungua.

Hatua ya 5: Cheo na lugha

Baada ya sura, soma cheo kabla ya jina. DN mwanzoni na PP AVG mwishoni ni Kilatini, "Bwana wetu" na "Augusto wa daima", desturi ya karne ya 6 na ya 7. Basileis Romaion, "makaizari wa Warumi", unalikuta kwenye mihuri ya karne ya 8, mapema kuliko kwenye sarafu, ambako linaanza kuonekana mwaka 812 wakati Michael I alipomkubali Charlemagne, mfalme wa Wafranki, kuwa mwenye cheo cha basileus. Kwa hiyo usiutolee muhuri tarehe kwa kipimo cha sarafu katika jambo hili. Autokrator, "mtawala mwenye mamlaka yote", inaashiria karne ya 10 na kuendelea. Despotes, "bwana", likifuatiwa na jina la ukoo, kama "Alexios despotes Komnenos", ni mtindo wa mwisho wa karne ya 11 na ya 12.

Herufi nazo zinasema. Mchanganyiko wa Kigiriki na Kilatini, kwa mfano R ya Kilatini ndani ya neno la Kigiriki, ni wa kawaida kwenye mihuri ya makaizari ya karne ya 8 hadi ya 10. Kwa akina Komnenos maandishi ni Kigiriki kitupu. Ukihitaji kunakili herufi hizi kwenye kompyuta, kituo cha Dumbarton Oaks kule Washington kimetengeneza fonti iitwayo Athena Ruby, inayotolewa bure.

Hatua ya 6: Sasa jina, uso na mwenza

Wakiwa wawili, mkubwa kwa kawaida yuko kushoto kwako unapotazama, ni mpana zaidi na ana ndevu. Mdogo yuko kulia, hana ndevu. Wakiwa watatu, mkubwa anakaa katikati. Nyuso za karne ya 7 zina alama nzuri: Phocas (602–610) ana ndevu fupi zilizochongoka, Constans II (641–668) ana ndevu na masharubu marefu mno yasiyofanana na ya mtu mwingine. Linganisha daima na sarafu za mtawala huyohuyo. Baada ya hapo nyuso zinafanana zaidi, na mavazi yanakusaidia kuliko pua na macho: lorosi, ile shali ndefu yenye vito inayozungushwa mwilini, au joho lililofungwa kwa bizimu begani.

Fumbo linalonivutia kuliko yote ni la mihuri ya msalaba isemayo "Leo na Constantine". Haina uso wa kulinganisha. Na jozi za jina hilo ni tatu: Leo III na mwanawe Constantine V (720–741), Leo IV na mwanawe Constantine VI (776–780), na Leo V na mwanawe Constantine (813–820). Ya tatu haikuangukia hapo kwa bahati. Mtoto wa Leo V aliitwa Symbatios. Alipotawazwa mwaka 813 alibadilishiwa jina ili baba na mwana wasikike kama wale wa kwanza, ambao majeshi yaliwakumbuka kwa ushindi. Yaani utata unaotusumbua leo ulipandwa makusudi. Mpangilio wa majina unakusaidia kuiondoa jozi ya nne, Constantine V na Leo IV (751–775), maana hapo Constantine ndiye anayetajwa kwanza. Zaidi ya hapo unabaki na umbo la herufi, maneno kamili ya cheo, na mihuri pacha, yaani iliyopigwa kwa koleo moja.

Karne ya 12 ina mtego wake. "Alexios Komnenos" mwenye cheo cha despotes anaweza kuwa Alexios I, au mtoto Alexios II (1180–1183), au Alexios III (1195–1203), aliyekuwa wa ukoo wa Angelos lakini akajiita Komnenos. Alexios II alikuwa mvulana, hivyo ndevu zinamtoa. Na Alexios I ana mihuri ya kabla ya kutawazwa, alipokuwa na cheo cha heshima cha sebastos na kuwa mkuu wa majeshi: huyo ni mtu yuleyule, lakini si muhuri wa kaizari, na tarehe yake ni kabla ya 1081.

Hatua ya 7: Tafuta pacha

Dumbarton Oaks ina mihuri zaidi ya 17,000, mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani, na katalogi yake ya mtandaoni inaweza kutafutwa kwa jina, cheo na sura bila malipo. Anza hapo. Unatafuta muhuri uliotoka kwenye koleo lilelile, si unaofanana tu. Chagua vitu vitatu vidogo: mwelekeo wa mguu wa herufi moja, idadi ya nukta kwenye taji, mahali msalaba unapogusa duara la ukingoni. Vikikubaliana vyote, ni koleo moja, na unaweza kujaza herufi zilizokosekana kwako kwa kuzisoma kwa mwenzake. Vikigongana hata kimoja, ni mtindo mmoja lakini koleo tofauti. Tarehe inaweza kuwa ileile, ila usijaze herufi.

Mihuri miwili ikifanana mno, pamoja na ufa na pigo lilelile la upande, ogopa. Kila kisahani kilipigwa kivyake, makosa hayajirudii. Kujirudia huko ni dalili ya kitu kilichomiminwa juzi kwa kalibu ya muhuri wa kweli. Vijishimo vya mapovu, mshono wa kusawazishwa kwa tupa ukingoni na kukosekana kwa tundu la uzi ni dalili nyingine. Na ukiuziwa muhuri bila maelezo yoyote ya ulikotoka, acha. Nchi nyingi ambako inachimbuliwa, Uturuki ikiwemo, zinakataza kuitoa nje, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unahusu vitu vya aina hii. Kuna pia hasara ya elimu: mihuri ya ofisa mmoja wa Bizanti aitwaye Theodosios imepatikana Hedeby, Ribe na Tissø, kaskazini mwa Ulaya, na thamani yake yote iko kwenye kujua ilipookotwa.

Hatua ya 8: Andika bila kujipa uhakika usio nao

Nakili maandishi mstari kwa mstari. Herufi ulizojaza ziweke kwenye mabano ya mraba, ulizofungua kutoka kwenye kifupisho kwenye mabano ya duara, na zile unazoziona kwa shaka zipe nukta chini yake. Kisha andika utambuzi pamoja na sababu yake, kwa mfano: "Leo na Constantine, makaizari, msalaba juu ya ngazi, hakuna pacha wa koleo, 720–741, au 776–780, au 813–820." Maelezo kama hayo yanaonekana kama hayajakamilika, lakini ndiyo yanayomfaa atakayekuja kesho na muhuri pacha uliopigwa vizuri zaidi, kwa kuwa ataona papo hapo ni chaguo gani la kufuta.